Mtandao ukikatika, neno lisikatike

UKISIMAMA Kibarani asubuhi ya siku ya kazi, pale unapovuka Makupa ukitoka kisiwani Mombasa, utaona jinsi mji mkubwa unavyoweza kutegemea njia chache. Malori ya makontena hupita hapo yakiingia na kutoka katika bandari ya Kilindini. Matatu za Changamwe na Miritini hupita hapo. Hata daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2022, likachukua mahali pa tuta lililojengwa mwaka 1929 na kuziba mkondo wa maji ya bahari, halikubadilisha ukweli huo: likifungwa, nusu ya mji husimama.

Lakini barabara ina jambo moja jema. Ikifungwa, hakuna asiyejua. Polisi wa trafiki huonekana, redio za Pwani hutangaza, na dereva aliye nyuma humuuliza aliye mbele. Kila mtu hujua kilichotokea, japo kwa makadirio, na huamua kama atasubiri au atazunguka.

Ipo njia nyingine inayolisha mji huu ambayo haina polisi wala kibao. Ni ya intaneti, inayofika Mombasa kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari na kuendelea hadi Nairobi, Kampala na Kigali. Ikifungwa hiyo, mwananchi wa kawaida huona tu kigurudumu kikizunguka kwenye simu yake. Hajui kama tatizo ni simu, ni bando lililokwisha, ni mnara wa mtaani, ni kampuni yake, au ni dunia nzima. Katika makala haya ninadai kwamba hasara kubwa ya kukatika kwa mtandao katika nchi yetu haitokani na waya kukatika, bali na kukatika kwa neno kati ya wanaoendesha mitambo na wanaoitumia.

Fikiria watu watatu unaoweza kuwapata kati ya Kibarani na lango la bandari. Wa kwanza ni wakala wa kuondoa mizigo bandarini. Hati zake za forodha hupitia mfumo wa kompyuta wa Mamlaka ya Ushuru, na kila siku kontena linapobaki bandarini baada ya muda wa bure kwisha hulipiwa ada. Wa pili ni dereva wa lori anayesubiri hati hizo. Wa tatu ni mwenye kibanda cha M-Pesa, huduma iliyoanza Machi 2007 na ambayo leo ndiyo mkoba wa Wakenya wengi. Mtandao ukilala, wote watatu hukwama. Swali lao la kwanza si nani mwenye makosa. Ni hili: tutasubiri dakika kumi au siku mbili?

Jibu la swali hilo lina thamani ya pesa. Wakala akijua kwamba hitilafu itachukua siku nzima, atamwambia mteja wake mapema na kupanga upya magari. Dereva atakwenda kulala. Mwenye kibanda atawaambia wateja wasitume pesa mara mbili, kwa sababu muamala uliochelewa unaweza kufika baadaye, na aliyetuma mara mbili akajikuta amelipa mara mbili. Bila jibu, kila mmoja hubahatisha.

Kwa kuwa jibu rasmi huchelewa, wananchi wamejitengenezea njia zao. Makundi ya simu ya mawakala, madereva, wahudumu wa boda boda na wafanyabiashara ndiyo yamekuwa kituo cha kwanza cha habari za hitilafu. Mmoja huandika kwamba laini yake haishiki mtandao. Mwingine aliye Changamwe hujibu kwamba kwake ni vivyo hivyo, na wa tatu aliye Likoni husema kwake ni sawa. Ndani ya dakika chache kundi limekwisha kujua ni kampuni gani iliyoathirika na ni upande gani wa mji. Kisha huja ushauri: zima simu uwashe, hamia laini nyingine, tumia ujumbe mfupi badala ya data. Hali ikitengemaa, mtu huandika neno moja tu, "imerudi", na kila mtu huendelea na kazi yake.

Huu ni utaratibu wa kuheshimiwa. Ukiutazama kwa makini utaona ndio ule ule unaotumiwa na wahandisi wa mitandao duniani kote: eleza ulichokiona, taja mahali na saa, linganisha na wenzako, jaribu dawa, kisha tangaza matokeo. Hata hivyo, una kasoro mbili. Kwanza, kundi linaweza kujua dalili lakini haliwezi kujua chanzo wala muda wa kurejea kwa huduma. Hayo yanajulikana na mwenye mitambo peke yake. Pili, pengo likikaa bila kujazwa, hujazwa na chochote. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Matapeli nao hupenda saa kama hizo, kwani ndipo wanapoweza kumpigia mtu simu wakijifanya wahudumu wa kampuni, wakamwambia akaunti yake imekwama na wanahitaji namba yake ya siri ili waikwamue. Mwananchi ambaye hajaambiwa lolote na kampuni halisi hana kipimo cha kumtambua mwongo.

Ili tuone tofauti kati ya neno linalosaidia na lile lisilosaidia, tuanze na jinsi nyaya hizi zinavyofanya kazi. Hadi mwaka 2009 Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya intaneti na ng'ambo. Mwaka huo nyaya mbili zilianza kazi Mombasa: Seacom, na TEAMS, ambayo inaunganisha Mombasa na Fujairah katika Falme za Kiarabu. Mwaka 2010 ukafuata EASSy, unaopita pwani yote ya mashariki ya Afrika kutoka Sudan hadi Afrika Kusini. Waya wa namna hii, katika kina kirefu cha bahari, si mnene kuliko mpira wa kumwagilia bustani. Ndani yake mna nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga.

Nyaya hizi hukatika mara kwa mara. Duniani kote hutokea hitilafu kati ya 150 na 200 kila mwaka, na nyingi husababishwa na nyavu za wavuvi na nanga za meli. Waya ukikatika, wahandisi walio ufukweni hutuma mwanga na kupima muda unaochukua kurudi, na kwa hesabu hiyo hujua umbali wa mahali palipokatika. Kisha meli maalumu hutumwa, ikaunasa waya kutoka sakafu ya bahari, ikauunga na kuurudisha. Kwa hiyo, tangu saa za mwanzo mwenye waya huweza kujua mahali pa hitilafu, na baada ya kupata meli huweza kukadiria siku. Habari ipo. Suala ni kama itamfikia mtumiaji.

Mombasa inalijua jambo hili kwa uzoefu. Februari 2012, siku chache baada ya nyaya nyingine kukatika katika Bahari ya Shamu, meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandarini iliteremsha nanga mahali palipokatazwa na kuukata TEAMS nje kidogo ya mji wetu. Mawasiliano ambayo tayari yalikuwa yamehamishiwa kwenye waya huo yakakosa pa kupita, na Kenya pamoja na majirani zake wakaumia. Ilikuwa ajali ya wazi. Chanzo kilitajwa, na mtu yeyote aliyepata kuona meli zikisubiri zamu nje ya Kilindini alielewa bila kuhitaji mhandisi.

Sasa tulinganishe siku mbili za mwaka 2024 ambazo zilitenganishwa na wiki sita tu.

Jumapili ya Mei 12, 2024, intaneti ilizorota Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Msumbiji na nchi nyingine za ukanda huu. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitoa taarifa ikieleza kwamba nyaya za chini ya bahari zilikuwa zimekatika upande wa Afrika Kusini, ikataja kituo cha Mtunzini, ikasema kwamba TEAMS haukuathirika na ulikuwa ukibeba sehemu ya mawasiliano, na kwamba huduma ingeendelea kusuasua hadi ukarabati ukamilike. Wahandisi wa kampuni za ukanda huu nao walisema hadharani kwamba nyaya zilizohusika ni EASSy na Seacom, na kwamba meli ya ukarabati, Léon Thévenin, ilikuwa ikitoka Cape Town. Mashirika huru yanayopima mwenendo wa intaneti yalionyesha picha ile ile. Kilichoifanya hali kuwa mbaya zaidi pia kilieleweka: Februari ya mwaka huo nyaya kadhaa zilikuwa zimekatika katika Bahari ya Shamu, ikiwemo Seacom, hivyo njia ya kaskazini ilikuwa tayari imedhoofika.

Wananchi walilalamika, kama ilivyo haki yao, lakini sikumsikia mtu aliyedai kwamba amedanganywa. Kulikuwa na jina la waya, mahali pa hitilafu, jina la meli na majirani walioumia pamoja nasi. Kila kipande kiliweza kuthibitishwa na mtu asiye na maslahi.

Siku ya pili ni Jumanne ya Juni 25, 2024, siku ya maandamano makubwa dhidi ya Mswada wa Fedha, ambapo waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge jijini Nairobi. Siku moja kabla, Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imetangaza kwamba haikuwa na nia yoyote ya kuzima intaneti. Alasiri hiyo intaneti ilizorota ghafla nchini, na wapimaji huru wakaona kwamba Uganda na Burundi pia zilitikisika. Kampuni ya Safaricom ilisema kwamba nyaya mbili za chini ya bahari zilikuwa zimepata hitilafu na kwamba ilikuwa imeanza kutumia njia mbadala. Taarifa hiyo fupi haikutaja majina ya nyaya wala mahali zilipokatikia.

Maelezo yalikuwa karibu yale yale ya Mei: waya wa baharini. Lakini safari hii watu wengi hawakuamini. Mashirika ya kutetea haki za mtandao yalidai maelezo zaidi, na mjadala ule haujaisha hadi leo. Mei 2025, kufuatia kesi iliyowasilishwa na mashirika ya kijamii, Mahakama Kuu ilitoa amri ya muda kuizuia serikali kuzima au kuvuruga intaneti wakati kesi ikiendelea.

Msomaji asinielewe vibaya. Simhukumu mtu kuhusu kilichotokea siku ile. Inawezekana nyaya zilipata hitilafu. Nyaya hazichagui siku, na nchi zisizo na bahari ambazo mawasiliano yake hupitia kwetu huumia tunapoumia. Ninachosema ni kwamba taarifa isiyo na jina, mahali wala muda haiwezi kutofautishwa na kisingizio, hata ikiwa ni ya kweli. Ukweli usiothibitika, katika saa ya wasiwasi, huwa na uzito sawa na uongo. Na anayeumia kwa hilo si mwananchi peke yake. Kampuni yenyewe huumia, kwa maana siku nyingine itakapopata ajali ya kweli kama ile ya nanga ya mwaka 2012, itawakuta watu wamekwisha kuziba masikio.

Wapo watakaosema kwamba kampuni haiwezi kueleza kila kitu, kwa sababu za ushindani au za usalama. Hoja hiyo ina uzito kiasi. Hakuna anayetaka ramani ya mitambo ianikwe mbele ya wahalifu. Lakini mifano inaonyesha kwamba hata wakubwa wa dunia wameona faida ya kusema. Oktoba 4, 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa muda wa takriban saa sita. Wahandisi wa kampuni nyingine waliona kutoka nje kwamba njia za kuifikia Facebook zilikuwa zimetoweka kwenye intaneti, na wakaeleza hivyo hadharani huku hitilafu ikiendelea. Siku iliyofuata kampuni yenyewe ilichapisha maelezo: amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida ilikata kwa bahati mbaya miunganisho kati ya vituo vyake. Ilikuwa aibu, lakini ilisemwa, na uvumi mwingi ukazimika.

Tukio hilo lina funzo la pili. Kampuni hiyo ililazimika kuomba radhi kupitia mtandao wa mshindani wake, kwa kuwa milango yake yote ilikuwa imefungwa. Nyumba ikiungua, king'ora hakiwekwi ndani ya chumba kinachowaka. Hapa kwetu mara nyingi taarifa ya kukatika kwa intaneti huwekwa kwenye intaneti. Mwenye kibanda cha Kibarani ambaye data yake imekufa ataisoma vipi? Ujumbe mfupi wa simu ungeweza kumfikia. Redio ingeweza kumfikia pia, na Pwani hatuna uhaba wa redio zinazosikilizwa na madereva na akina mama sokoni.

Serikali nayo ina somo lake. Mwishoni mwa Julai 2023 mfumo wa eCitizen ulishambuliwa, na huduma kadhaa zikavurugika, zikiwemo maombi ya pasipoti na viza pamoja na ukataji wa tiketi za treni ya SGR inayofika hapa Miritini. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika. Aliyekuwa Waziri wa Habari na Mawasiliano, Eliud Owalo, alithibitisha shambulio hilo na kusema kwamba hakuna data iliyopotea. Lakini watumiaji walikuwa wamekwisha kulalamika kwa siku kadhaa kabla ya kuambiwa kinachoendelea. Taifa likihamishia huduma zake zote kwenye mlango mmoja, basi liwe pia na mlinzi wa mlango anayesema mapema kwamba leo umefungwa, na watu wapite wapi.

Je, tunaweza kufanya vizuri zaidi? Historia yetu inasema tunaweza. Mwishoni mwa mwaka 2000 kampuni za intaneti za Kenya, ambazo zilikuwa zikishindania wateja wale wale, zilikubaliana kuunganisha mitambo yao mahali pamoja jijini Nairobi. Hadi wakati huo barua pepe kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda nyingine ya jirani iliweza kusafiri kwa setilaiti hadi Marekani na kurudi. Kituo hicho, kinachojulikana kama KIXP, kilifungwa na mdhibiti wiki chache baada ya kuanza, kufuatia malalamiko ya Telkom Kenya iliyokuwa na haki ya pekee ya mawasiliano ya kimataifa. Wahandisi na chama chao, TESPOK, hawakuchoka. Walieleza, wakajadiliana, na mwaka 2002 kikafunguliwa tena. Baadaye Mombasa nayo ikapata kituo chake. Kutokana na kazi hiyo, nyaya za baharini zikikatika leo, mawasiliano ya ndani ya nchi yanaweza kuendelea.

Ikiwa washindani waliweza kukubaliana kupitisha data ya wateja wao katika chumba kimoja, hakuna sababu ya kuwazuia kukubaliana kutoa taarifa za hitilafu kwa mpangilio mmoja. Kinachohitajika si kikubwa. Taarifa ya kwanza itoke ndani ya saa moja, hata kama itasema tu kwamba tatizo limeonekana na uchunguzi unaendelea. Itaje huduma na maeneo yaliyoathirika. Itaje saa ambayo taarifa nyingine itatolewa, na saa hiyo iheshimiwe hata kama hakuna jipya. Imwambie mtumiaji la kufanya na la kuepuka, hasa kuhusu miamala ya pesa na namba za siri. Iwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, si kwa Kiingereza cha mawakili. Na huduma ikirejea, yatolewe maelezo ya mwisho yanayotaja chanzo, mahali, muda na hatua zitakazozuia kurudiwa.

Mamlaka ya Mawasiliano inaweza kuyafanya haya kuwa sharti la leseni. Msingi wa kisheria upo. Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mtumiaji wa huduma haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike nayo kikamilifu. Ibara ya 35 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na habari zilizo mikononi mwa mtu mwingine pale zinapohitajika kulinda haki. Mtu aliyekwama na kontena, au aliyetuma karo ya mtoto isiyofika, hahitaji kuambiwa kwamba haki hizo zinamhusu. Anahitaji kuziona zikifanya kazi.

Makundi ya wananchi nayo yana wajibu. Anayeripoti hitilafu ataje laini, mahali na saa. Anayepeleka habari aseme kama ameiona mwenyewe au ameisikia. Na hali ikirejea, aliyepiga kelele ya kwanza ndiye awe wa kwanza kuwatuliza wenzake. Kundi lenye nidhamu hiyo huwa msaada hata kwa kampuni, kwa kuwa huonyesha mahali pa tatizo mapema.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Waya utakatika tena; nanga bado zinateremshwa nje ya Kilindini, na bahari haina mkataba na mtu. Siku hiyo malori yatasimama Kibarani kama kawaida, na madereva watatoa simu zao mfukoni. Ikiwa watakuta neno la kweli limetangulia kuwafikia, watazima injini na kusubiri kwa subira. Wakikuta kimya, watajaza wenyewe kilichoachwa wazi, na hakuna fundi wa baharini awezaye kuunga imani iliyokatika.